Ukisharuka, Umesharuka: Uzito wa Simon Belmont Ndani ya Ngome ya Dracula

Simon Belmont akisharuka, amesharuka. Hawezi kugeuka akiwa hewani, hawezi kupunguza mwendo, hawezi kujivuta kidogo upande ili kumkwepa popo aliyechomoza ghafla pembeni mwa kioo. Kidole kikishabonyeza kitufe, uamuzi umepita. Kilichobaki ni kuutazama mwili wake ukichora upinde uleule wa siku zote na kutua pale ulipopaswa kutua, kwenye jiwe au kwenye shimo.

Anayeicheza Castlevania leo kwa mara ya kwanza hukasirika hapohapo, kabla hata hajaumaliza ukumbi wa mwanzo. Amezoea mashujaa wanaoruka mara mbili, wanaojirekebisha angani, wanaosamehewa makosa kabla hayajawagharimu. Ndiyo maana gemu hii imebandikwa sifa isiyobanduka: nzuri, ila ngumu, na ugumu wake ni wa kizamani, wa enzi ambayo watengenezaji walikuwa bado wanapapasa. Siikubali hukumu hiyo hata chembe. Watengenezaji walijua walichokuwa wanafanya. Uzito ule wa mwili wa Simon ndio gemu yenyewe. Ukiuondoa, zinabaki picha za popo na mishumaa.

Konami waliitoa nchini Japani tarehe 26 Septemba 1986 kwa jina la Akumajō Dracula. Haikuja kwenye kaseti. Mapema mwaka huohuo Nintendo walikuwa wameanza kuuza kifaa cha kuongezea kwenye mashine yao ya Famicom, kifaa kilichosoma disketi, na gemu hii ilitengenezwa kwa ajili ya disketi hizo. Mtoto wa Kijapani aliweza kwenda na disketi yake dukani, akalipa yeni 500, akaandikiwa gemu nyingine juu ya ile aliyoichoka. Disketi pia ilitunza mahali mchezaji alipofikia. Mwaka 1987 gemu ilivuka kwenda Marekani, ikapewa jina jipya la Castlevania na kuingizwa kwenye kaseti, na ile nafasi ya kuhifadhi ikapotea njiani. Mchezaji wa Marekani akizima mashine, kesho anaanza tena langoni. Mnamo Oktoba 1986 Konami walikuwa pia wamewatolea wenye kompyuta za MSX2 toleo lao, Vampire Killer, ambamo picha haitembei pamoja na mchezaji bali hubadilika chumba kwa chumba, na badala ya kusonga mbele unazunguka ukitafuta funguo. Ni kazi ya kuvutia, lakini ni kitu kingine kabisa. Ile ya Famicom ni ya mwendo: ngome inasogea ubavuni mwako na wewe unaingia ndani zaidi.

Hadithi yake haijazi kiganja. Dracula huamka kila baada ya miaka 100, na ukoo wa Belmont ndio uliopewa kazi ya kumrudisha kaburini. Zamu ni ya Simon, na silaha yake ni mjeledi wa ukoo. Katika mtiririko wa miaka uliokuja kupangwa baadaye, safari yake iliwekwa mwaka 1691. Ndani ya gemu hakuna anayesema neno. Simon anatembea hadi kwenye geti la chuma, anasimama na kuitazama ngome, kisha kazi inaanza.

Turudi kwenye uzito. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1985, Nintendo walikuwa wametoa Super Mario Bros., na Mario aliwafundisha watoto wa dunia nzima kwamba kuruka ni furaha. Mario akiwa hewani bado yuko mikononi mwako. Unaweza kumrudisha nyuma, unaweza kumvuta mbele, unaweza kubatilisha nusu ya uamuzi wako. Capcom, kwa upande wao, mwaka huohuo wa 1985 walikuwa wametoa Makaimura, gemu ya askari wa deraya na mazombi makaburini, na humo mruko ulikuwa umefungwa: ukienda, umekwenda. Konami walifuata njia ya pili na kuisukuma mbali zaidi. Waliongeza kwamba Simon akiguswa na adui anarushwa nyuma, naye akirushwa hana la kufanya. Kama nyuma yake kuna shimo, ameingia shimoni. Wachezaji wengi wa Castlevania hawauawi na meno wala shoka. Wanauawa na nafasi waliyokuwa wamesimama.

Mjeledi nao una muda wake. Ukibonyeza, Simon kwanza anaupeleka nyuma ya bega, ndipo anaupiga mbele. Ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini kama miguu yake iko chini, katika muda huo hawezi kusogea. Kwa hiyo huwezi kumpiga adui pale alipo. Unampiga pale atakapokuwa. Akija mbio chui yule aliyekuwa amejilaza ukumbini, ukisubiri mpaka umwone karibu umechelewa. Lazima mjeledi uanze safari yake wakati chui bado yuko mbali, ili vikutane katikati. Ngazi nazo zina sheria zake: ukiwa juu yake huruki, lakini pia ukipigwa hurushwi, na mchezaji mzoefu anajifunza kuzipenda kwa sababu hiyo ya pili.

Ukiviweka vitu hivi pamoja, mruko uliofungwa, mjeledi unaochelewa, mwili unaorushwa, unapata gemu ambayo kila tendo lake ni ahadi. Ndiyo maana inahesabika. Simon haruki leo hivi na kesho vile. Upinde wake ni mmoja, urefu wa mjeledi unaujua, mwendo wa adui unaujua. Ukifa, na utakufa sana, sababu inaonekana wazi kabisa mbele ya macho yako. Leo kuna watu wanaoimaliza ngome nzima chini ya dakika 12. Walijifunza mpaka mikono ikawa inaamua mapema kuliko adui.

Namna inavyofundisha nayo inastahili kusifiwa zaidi ya inavyosifiwa. Ngome ina hatua 18, zilizogawanywa katika sehemu sita za hatua tatu tatu, na kila sehemu ina mkubwa wake: popo mkubwa, Medusa, maiti wawili wa Misri waliofungwa sanda, jitu la Frankenstein na kibete wake arukaye, Mauti mwenyewe mwenye mundu, na mwisho Dracula. Ukumbi wa kwanza unakuletea mazombi wanaotembea kwa mstari mnyoofu, hawana ujanja, wanakupa tu nafasi ya kuujua mjeledi. Kisha wanakuja popo wanaopanda na kushuka, kisha watu-samaki wanaochupa kutoka kwenye maji. Kila mmoja anakuuliza swali moja kuhusu umbali na wakati. Baadaye gemu inaanza kuuliza maswali mawili kwa pamoja.

Hapo ndipo vinapoingia vichwa vya Medusa. Kichwa kinaelea kikivuka kioo kwa mawimbi, juu, chini, juu, chini, mwendo usiobadilika kabisa. Peke yake ni mnyonge. Pigo moja kimekwisha. Lakini kinapita hasa pale unapotaka kuruka shimo, na kinafuatwa na kingine, na kingine. Inabidi usimame ukingoni kama mtoto anayesubiri kuingia kwenye kamba inayozungushwa na wenzake, uyahesabu mawimbi, uingie kwa mdundo. Ukiingia kwa pupa, unaguswa, unarushwa nyuma, unaanguka.

Halafu upo ukumbi wa hatua ya 15, wa mwisho kabla ya Mauti. Kila aliyewahi kuicheza gemu hii anaujua. Ni ukumbi mrefu, hauna mashimo, hauna mitego ya sakafuni. Kwa macho ni njia nyeupe. Umejaa askari wa deraya, mmoja baada ya mwingine, warefu, wazito, wanaostahimili mapigo mengi, na kila mmoja anarusha shoka linalokwenda na kurudi, mara juu, mara chini. La juu unaliinamia, la chini unaliruka. Hilo lingewezekana. Ila wakati wote huo vichwa vya Medusa vinaelea, na wimbi lao halijali kama umeinama au umeruka. Na ukishafika huko juu, pigo moja linakula robo ya uhai wako, hivyo makosa manne yanakumaliza. Hakuna adui mpya hapo. Askari unamjua, kichwa unakijua, shoka unalijua. Gemu imechukua mambo uliyofundishwa moja moja na kuyaleta yote kwa wakati mmoja, katika chumba kisicho na pa kujificha, na mwisho wa chumba kuna Mauti anayetawanya mundu kila upande wa kioo. Sijui ukumbi mwingine katika gemu za miaka ile uliotungwa kwa akili namna hii kwa vitu vichache namna hii.

Silaha za ziada zinaongeza hesabu nyingine. Ukipiga mishumaa inaangusha vitu: jambia linalokwenda mbele moja kwa moja, shoka linalopaa kwa upinde, maji ya baraka yanayowaka sakafuni, msalaba unaokwenda na kurudi, saa inayosimamisha muda. Unabeba kimoja tu. Ukikiokota kingine kwa bahati mbaya, cha kwanza kimekwenda. Mioyo midogo inayoanguka haikuongezei uhai, kama mgeni anavyodhani. Ndiyo risasi za silaha hizo. Uhai unarudishwa na nyama iliyofichwa ndani ya kuta, na kwa miaka yote hii wachezaji wamekula nyama ya ukutani bila kuuliza nani aliiweka. Cha muhimu ni uchaguzi. Maji ya baraka yanamgandisha adui mahali alipo, na mchezaji aliyeyatunza tangu ghorofa za chini mpaka kwa Mauti, bila kufa njiani, anakuta pambano gumu kuliko yote limekuwa jepesi. Lakini akifa mara moja tu, yamepotea, na mjeledi wake mrefu wa mnyororo unarudi kuwa ule mfupi wa ngozi. Kwa Wamarekani, msalaba uliandikwa katika kijitabu cha maelekezo kuwa ni bumerangi, maana Nintendo ya kule haikutaka alama za dini. Picha ilibaki msalaba.

Ukitazama ukurasa wa mwanzo wa gemu, jina lake limewekwa ndani ya fremu yenye matundu ya pembeni, yale ya mkanda wa filamu. Konami walikuwa wanakwambia unakwenda kutazama sinema. Na kweli, ngome hii haikutoka moja kwa moja kwenye riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, ambamo hakuna maiti wa Misri wala jitu la Frankenstein. Ilitoka sinema: zile za Universal za miaka ya 1930, ambamo Bela Lugosi alikuwa Dracula na Boris Karloff akawa jitu la Frankenstein na maiti wa Misri, na zile za kampuni ya Hammer ya Uingereza, ambazo kuanzia mwaka 1958 zilimvalisha joho Christopher Lee. Timu ya Konami, iliyoongozwa na Hitoshi Akamatsu, iliwakusanya viumbe wote hao chini ya paa moja na kuwapanga kwa ghorofa.

Mwisho wa gemu, baada ya Dracula kuanguka na ngome kubomoka, yanapita majina kama katika sinema. Si majina ya waliofanya kazi. Ni utani wa sinema: Vram Stoker, Christopher Bee, Belo Lugosi, Boris Karloffice, na mwongozaji ni Trans Fishers, kwa heshima ya Terence Fisher aliyeongoza Dracula ya mwaka 1958. Muziki umeandikiwa James Banana, kwa kumkumbuka James Bernard, mtunzi wa muziki wa filamu hiyohiyo. Watu huucheka ukurasa huo, na mimi nauelewa utani wake, lakini haunipendezi. Nyuma ya James Banana alikuwepo mwanamke kijana, Kinuyo Yamashita, aliyekuwa ametoka tu chuoni Osaka na kukabidhiwa kazi hiyo ikiwa miongoni mwa kazi zake za kwanza, akishirikiana na Satoe Terashima. Wakati ule kampuni nyingi za gemu za Japani hazikutaka majina ya watu wao yajulikane. Matokeo yake ni kwamba nyimbo zilizosikika katika maelfu ya nyumba zilizunguka dunia bila mwenyewe.

Na ni nyimbo gani hizo! Famicom ilikuwa na sauti chache mno: mbili za kubeba wimbo, moja ya kushika besi, moja ya makelele iliyogeuzwa kuwa ngoma, pamoja na nafasi finyu ya vipande vilivyorekodiwa. Sauti hizohizo zilipaswa kutoa pia mlio wa mjeledi na wa mapigo. Mtu mwingine angetunga muziki wa kutisha, milango inayolia na kinanda cha kanisani. Yamashita alitunga muziki wa kutembea. "Vampire Killer", wimbo wa ukumbi wa kwanza, una huzuni katika noti zake lakini ngoma yake inasukuma. Besi haitulii, na wimbo unaojibizana juu yake unamwambia mchezaji asonge. "Wicked Child" ya sehemu ya tatu inakimbia zaidi. "Heart of Fire" ndiyo inayopigwa katika sehemu ile ya tano yenye ukumbi wa mashoka, na utaisikia mara nyingi, kwa sababu utarudi pale mara nyingi. Kila wimbo ni mfupi na unajirudia, na kujirudia huko ndiko kunakoutia mikononi. Mchezaji anayevihesabu vichwa vya Medusa anavihesabu juu ya mdundo huo, ajue asijue.

Uchache huo ulikuwa pia wa macho. Kila kipande cha picha inayosogea kilipewa rangi tatu tu, na vikikusanyika zaidi ya vinane kwenye mstari mmoja, mashine inashindwa kuvichora vyote na vinaanza kupepesa. Wachoraji wa Konami walijibu kwa kuweka uzuri kwenye mandhari ya nyuma: mapazia yaliyochanika, matofali yaliyolika, nguzo, sanamu. Walimfanya Simon awe na rangi ya udongo, karibu na rangi ya kuta zenyewe. Sehemu ya tatu inakutoa nje, juu ya magofu, na kwa mbali nyuma unauona mnara mmoja umesimama peke yake angani. Huo ndio mnara wa Dracula. Saa nzima baadaye, ukishapita mapango, gereza, daraja la popo na magurudumu ya mnara wa saa, unajikuta unazipanda ngazi zake.

Jambo hili la mahali linanigusa kwa sababu msomaji wa Afrika Mashariki ana wanyonya damu wake wa kihistoria, na hao hawakuwa na mnara. Uvumi wa mumiani ulienea pwani. Nairobi na Kampala enzi ya ukoloni, watu waliambizana kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliukusanya uvumi huo katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, akautumia kuonyesha jinsi watu walivyouelewa utawala wa kikoloni, magari yake, sare zake na kazi zake za siri. Hofu ile ilitisha kwa kukosa makao. Mnyonya damu alikuwa mtu wa kazi, ametumwa, na aliyemtuma hakuonekana. Dracula wa Konami ana anwani. Unaonyeshwa ramani ya ngome yake, unajua anakaa wapi, unajua kati yako na yeye kuna nini. Hofu inakuwa safari yenye ghorofa, na mtu mmoja mwenye mjeledi anaweza kuimaliza kwa miguu yake. Nadhani hilo ndilo lililowafanya watoto waogope na kurudi tena kesho yake.

Mfululizo ulioanzia hapo ni mrefu na sitaupitia wote. Simon's Quest ya mwaka 1987 ilileta usiku na mchana, vijiji na wanavijiji wenye vidokezo ambavyo tafsiri ya Kiingereza iliviharibu vibaya, pamoja na wimbo "Bloody Tears" ambao ni bora kuliko gemu uliyomo. Dracula's Curse ya mwaka 1989 ilirudi kwenye ukali wa kwanza na kuongeza njia panda na wenzi wa safari; kaseti yake ya Kijapani ilikuwa na chipu ya kuongeza sauti, ambayo mashine iliyouzwa Marekani haikuweza kuitumia, hivyo Wamarekani walipata muziki uliopunguzwa. Rondo of Blood ya mwaka 1993, pengine yenye ustadi mkubwa kuliko zote zilizofuata njia ya mwanzo, ilikaa Japani peke yake mpaka mwaka 2007.

Super Castlevania IV ya mwaka 1991 inastahili kutazamwa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyovunja ahadi. Mashine mpya ya Super Famicom ilikuwa na nguvu, na Simon wa gemu hiyo anaweza kujielekeza akiwa hewani na kupiga mjeledi pande nane. Ni gemu nzuri ya kutazama na muziki wake ni mzito. Ila angalia kilichotokea: mjeledi unaofika kila upande umeziondolea kazi zile silaha za ziada. Shoka la nini, ikiwa unaweza kupiga juu? Mruko unaorekebishika umeviondolea vichwa vya Medusa meno yake. Watengenezaji walimpa mchezaji alichokuwa akikililia, na chumba kwa chumba unahisi maswali yakilegea.

Symphony of the Night ya mwaka 1997, kwenye PlayStation, ilikuwa na ujasiri zaidi: iliacha kabisa njia ya zamani. Toru Hagihara aliianza akiwa mwongozaji, Koji Igarashi akiwa msaidizi na mmoja wa wabunifu wake wakuu. Ayami Kojima alichora sura zake na Michiru Yamane akatunga muziki. Shujaa ni Alucard, mwana wa Dracula, anayetembea kama anateleza, anayeruka atakavyo na kugeuka popo au ukungu. Ngome si safari tena, ni nchi ya kuzurura, na ukidhani umeimaliza inapinduliwa juu chini ili uitembee upya darini. Igarashi ameeleza kwamba walitaka gemu ndefu, kwa kuwa zile fupi za mstari mmoja wachezaji hodari walizimaliza haraka. Kutokana nayo na Metroid ya Nintendo limezaliwa jina la aina nzima ya gemu, Metroidvania, linalotumika mpaka leo. Igarashi alipoondoka Konami, mwaka 2015 aliwaomba mashabiki wamchangie gemu ya namna hiyo, wakatoa zaidi ya dola milioni 5.5, na Bloodstained ikatoka mwaka 2019. Katuni ya Netflix iliyoanza mwaka 2017 ilitoka kwenye hadithi ya Dracula's Curse.

Naipenda Symphony of the Night kama wengine wote. Lakini ushindi wake ulikuwa na gharama: tangu hapo, gemu ya 1986 imekuwa ikisomwa kama rasimu, kitu ambacho Alucard alikuja kukikamilisha. Hizi ni kazi mbili zinazotaka vitu viwili. Symphony inakupa nguvu kadiri unavyozunguka. Ukishindwa, ongeza kiwango, vaa deraya bora, rudi. Castlevania haikupi chochote cha kudumu. Simon wa hatua ya 18 ana uhai uleule na mruko uleule wa Simon wa hatua ya kwanza. Kilichoongezeka kiko kwako.

Leo si lazima utafute kaseti ya zamani. Mwaka 2019 Konami waliikusanya pamoja na wenzake saba katika Castlevania Anniversary Collection, inayochezeka kwenye PlayStation 4, Xbox One, Switch na kompyuta. Mkusanyiko huo unakuruhusu kuhifadhi mahali popote, na ushauri wangu ni usiitumie ruhusa hiyo katikati ya hatua. Hifadhi mwisho wa sehemu tu, kama enzi ya disketi ya Kijapani, vinginevyo utaifuta mitihani yote kabla hujaifanya. Tumia vitufe vya mwelekeo badala ya kijiti cha duara, hasa kwenye ngazi. Usiogope kufa, maana gemu inakuruhusu kuendelea mara zisizo na kikomo. Inakurudisha tu mwanzo wa sehemu. Maji ya baraka ukiyapata sehemu ya tano, yashike na upite mbali na mishumaa mingine. Na ukifika kwa Dracula, kumbuka mwili wake haupigiki: ni kichwa tu. Atatokea, atafungua joho, atatoa mipira mitatu ya moto. Piga moto kwanza kwa mjeledi, kisha ruka, na upige ukiwa juu.